Kipaji au Kazi? Uigizaji wa Amri Athumani (King Majuto) Uonekanavyo kutoka Nyanda za Juu za Ufipa

Makala haya yanachunguza uigizaji wa Amri Athumani, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto mwishoni mwa miaka ya 1950, na akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Katika rambirambi zilizotolewa siku zile, neno lililorudiwa kuliko mengine yote lilikuwa “kipaji”. Alisifiwa kuwa alizaliwa nacho, kwamba hakufundishwa na mtu, na kwamba alichekesha hata asipofanya lolote. Makala haya yanadai kuwa sifa hiyo, pamoja na nia njema ya waliomsifu, ndiyo iliyochangia kumnyima stahiki yake. Anayesemwa kuwa hafanyi lolote huwa vigumu kumtambua kuwa ni mtunzi, na asiyetambuliwa kuwa mtunzi hulipwa kama mtu aliyeitwa kuja kuonekana tu.

Hoja hii inajengwa kwa kumtazama Majuto kutoka Sumbawanga. Uchaguzi huo unaweza kumshangaza msomaji, kwa kuwa msanii huyu ni wa pwani, na yaliyoandikwa juu yake yameandikwa zaidi Dar es Salaam na Tanga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya watazamaji wake haikuwa pwani. Ilikuwa katika vibanda vya video na katika mabasi ya masafa marefu, likiwamo lile liondokalo Sumbawanga alfajiri kwenda Mbeya kupitia Laela na Tunduma, ambamo kondakta huweka kichekesho mara tu abiria wanapokwisha kukaa. Mtafiti amesafiri katika mabasi hayo kwa miaka mingi kabla ya kuwaza kuwa yangekuwa uwandani kwake. Mara nyingi sauti ya runinga ya basi humezwa na ngurumo ya injini, na mama aliyeketi kiti cha nyuma akielekea Laela huenda asidake nusu ya maneno ya Kiswahili cha Tanga yanayosemwa kwa kasi. Pamoja na hayo hucheka, tena hucheka pale panapostahili. Mhakiki anayetegemea maneno peke yake hana jibu kwa kicheko cha mama huyo.

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kuwagawa wahusika kuwa bapa na duara. Mgawanyo huo tuliurithi kutoka kwa E. M. Forster, aliyeueleza katika mihadhara yake kuhusu riwaya iliyochapishwa mwaka 1927. Darasani mgawanyo huu umegeuka kuwa mizani ya ubora: mhusika duara hubadilika, kwa hiyo ni mzuri, mhusika bapa habadiliki, kwa hiyo mwandishi wake hakufanya kazi ya kutosha. Forster mwenyewe hakuwadharau wahusika bapa kwa kiasi hicho, kwani alikiri kuwa karibu wahusika wote wa Charles Dickens ni bapa, na hata hivyo wana uhai. Kwa mizani ya darasani, Majuto hafiki mbali. Mzee aliyemwigiza katika video nyingi ni yuleyule: mjuaji, mwenye tamaa, mwoga anayejifanya jasiri, anayependa wanawake kuliko uwezo wake, na ambaye ujanja wake humrudia mwenyewe. Hata jina lenyewe ni muhtasari wa visa vyote. Methali husema majuto ni mjukuu, nasi tunajua tangu mwanzo kwamba mjukuu huyo yuko njiani.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo. Ikiwa mtazamaji anajua mwisho, mwigizaji amebakiwa na nini cha kufanya? Amebakiwa na muda, na Majuto aliutumia muda kwa namna ambayo mtafiti hajaiona kwa mchekeshaji mwingine wa kizazi chake. Anapoambiwa habari mbaya hajibu papo hapo. Humtazama aliyesema, akayaondoa macho, akayarudisha, kisha akauliza jambo dogo lisilohusiana kabisa na lililosemwa. Kicheko huanza katika ule ukimya, si katika swali. Swali huja kukiachilia kicheko ambacho tayari kimeshajaa kifuani mwa mtazamaji. Anapodanganya, mwili wake hutangulia kukiri: mabega hupanda, mkono hutafuta pa kushika, sauti yake yenye mikwaruzo hupungua badala ya kupanda. Mhusika anasema uongo na mwili wake unatoa ushahidi dhidi yake kwa wakati mmoja. Hayo ni mambo mawili yanayopingana, na mwigizaji anapaswa kuyashika yote bila moja kulizidi jingine. Wanaosema hakuwa akifanya lolote na wajaribu mbele ya kioo.

Katika maandalizi ya tasnifu, mtafiti alinakili mazungumzo ya baadhi ya vipande vya video zake ili yachambuliwe kama matini. Zoezi hilo lilikuwa la kuvunja moyo. Kipande kilichowafanya watu wa banda la video mtaani Mazwi washike mbavu kiligeuka, kwenye karatasi, kuwa mistari michache ya maneno ya kawaida: “Nani?” “Mimi?” “Haya.” Hakuna tamathali, hakuna mchezo wa maneno, hakuna chochote ambacho mwanafunzi wa stilistiki angeweza kukipigia mstari. Mwanzoni mtafiti alidhani amekosea kuchagua vipande. Baadaye alielewa kuwa karatasi ndiyo iliyokosea. Matini haikuwa katika maneno, na kama matini haikuwa katika maneno basi mtunzi wake hakuwa yule aliyeandika maneno, hata pale alipokuwapo mtu wa namna hiyo. Vichekesho vingi vya aina hii huandaliwa kwa muhtasari wa kisa, nao waigizaji huyajaza mazungumzo papo kwa papo mbele ya kamera, kama ilivyokuwa katika vikundi vya maonyesho vya jukwaani kabla ya video.

Wasomaji wa Ufipa hawahitaji kwenda mbali kulielewa tatizo hili. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 kitabu juu ya fasihi simulizi ya Wafipa. Kitabu hicho ni hazina, na vijana wetu wengi hawajui hata kama kipo. Hata hivyo, aliyewahi kuketi jikoni jioni ya baridi ya mwezi wa saba huku bibi akisimulia, hujua kwamba kitabuni hamwezi kuingia kila kitu. Bibi alikuwa sungura, akawa fisi, akawa mke wa fisi anayechungulia mlangoni, bila kuinuka kigodani. Fisi alijulikana kwa kidevu tu. Sisi watoto tulimjua fisi kabla hajasema, na kumjua huko hakukupunguza hofu wala kicheko. Fisi wa bibi alikuwa bapa kuliko mhusika yeyote wa riwaya, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi ampe mabadiliko ya tabia.

Majuto, basi, anasimama katika ufundi ambao wananchi wa nyanda hizi waliutambua hata bila kuujua ubaharia wa maneno ya pwani. Lakini kuna sababu nyingine iliyowafanya wampokee, nayo inahusu nani anachekwa.

Vichekesho vilipochipuka mijini wakati wa ukoloni, mmoja wa walengwa wake wakubwa alikuwa mshamba, yaani mtu aliyetoka bara, asiyejua taa za barabarani wala lugha ya mjini. Sinema iliendeleza mkondo huo. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 inayohusu mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa walaghai. Wanahistoria hulitaja jambo hili kama kituko cha ujana wa mwanasiasa, kisha huharakia siasa. Kwa mhakiki wa sanaa ni la maana zaidi ya hapo: miongoni mwa sura za mwanzo za Mtanganyika katika filamu za lugha yake mwenyewe ni sura ya mtu anayepotea mjini.

Mshamba huyo hajatoka jukwaani hadi leo, na mara nyingi amepewa anwani. Anwani mojawapo ni Sumbawanga. Jina la mji huu hufasiriwa na wengi kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, nalo limegeuzwa na watani wa nchi nzima kuwa makao ya uchawi wenyewe. Katika vichekesho na filamu, mhusika akitajwa kuwa ametoka Sumbawanga, mwongozaji hahitaji kueleza zaidi. Shuka jeusi, kibuyu, moshi, na kazi imekwisha. Huo ndio ubapa mbaya, kwa kuwa haujazwi na mwigizaji bali unaazimwa kutoka katika dhana iliyokwisha kuwamo kichwani mwa mtazamaji. Katika vibanda vya hapa, kipande cha namna hiyo hupokelewa kwa kicheko kifupi cha puani, na wakati mwingine mtu hutoka nje kuvuta hewa. Ubapa wa Majuto ni wa aina nyingine. Katika kazi zake anayeumbuka ni yeye mwenyewe: mzee wa mjini, mtu wa pwani, mjuzi wa kila jambo. Mama wa Laela anapomcheka hajicheki yeye. Kwa takribani saa nzima, barabarani, mwelekeo wa dhihaka umegeuzwa, na anayestahili kuambiwa “mshamba wewe” ni mwenye baraghashia.

Mtu anaweza kupinga kuwa makala haya yanampa Majuto itikadi asiyokuwa nayo. Pingamizi hilo lina uzito. Hakuna haja ya kudai kuwa alikusudia kuwatetea watu wa bara, na kazi zake si zote zilizo safi katika suala la nani anadhihakiwa. Wanawake hasa, katika video nyingi za aina hii, wamewekwa wawe vyambo tu vya tamaa ya mzee, na mwigizaji mwenza mwenye uwezo huachwa asimame akingoja zamu ya kukasirika. Huo ni upungufu usiofichika. Linalodaiwa hapa ni dogo na la uhakika zaidi: alichagua kuwa chombo cha kicheko badala ya kumtafuta mwingine wa kuchekwa, na uchaguzi huo, ukirudiwa kwa miongo kadhaa, ni mtindo. Mtindo una mwenyewe.

Ulinganisho na waigizaji wawili wa kwingineko unasaidia kuona gharama yake. Wa kwanza ni Benson Wanjau wa Kenya, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015. Kwa miaka mingi alimwigiza Mzee Ojwang katika Vitimbi, kipindi cha televisheni ya taifa, akiwa na Mama Kayai. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang ni Mjaluo, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kijaluo kuanzia mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake. Watazamaji wengi walishangaa walipojua. Katika nchi ambamo lafudhi huweza kumweka mtu hatarini wakati wa uchaguzi, mtu wa kabila moja aliishi hadharani ndani ya lafudhi ya kabila jingine na akapendwa na yote mawili. Mtafiti akiwa Mfipa anakiri kuwa huitazama kazi hiyo kwa wivu kidogo. Lafudhi ya Kifipa jukwaani hutumika kwa sentensi moja, ili watu wacheke, kisha mhusika huondoka. Hajatokea wa kuishi ndani yake.

Wa pili ni wa mbali zaidi. Lincoln Perry alizaliwa Key West, Florida, mwaka 1902, akatoka katika maonyesho ya jukwaani na kuingia Hollywood katika miaka ya 1920 kwa jina la Stepin Fetchit. Mhusika wake alikuwa mtu mweusi mvivu, mzito wa ulimi, anayejikuna kichwa na kuburuta miguu. Alipata umaarufu na fedha ambazo mwigizaji mweusi hakuwa amewahi kuzipata katika sinema za Marekani, na mwaka 1947 akatangaza kufilisika. Wamarekani weusi wengi walimlaumu kwa kuuza dhihaka dhidi yao, na lawama hizo hazikuwa za bure. Wahakiki wa baadaye waliirudia kazi yake wakaona jambo jingine: uvivu ule ulikuwa mbinu ya kale ya mtumwa ya kuikwepa kazi ya bwana bila kukataa waziwazi, na mwendo ule wa kuburuta miguu ulipimwa kwa ustadi mkubwa. Wazungu waliomtazama hawakuuona ustadi. Walidhani ndivyo alivyo.

“Ndivyo alivyo” ni maneno yaleyale tuliyoyatumia kwa Majuto, ingawa sisi tuliyasema kwa mapenzi. Mwaka 2018, miezi michache kabla ya kifo chake, Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo ya biashara lilifika serikalini, na aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Watu wengi walishangaa kuwa sura inayojulikana na kila mtoto nchini haikumwachia mwenyewe hata akiba ya kutosha ya matibabu. Mjadala ulioibuka ulihusu unyonyaji wa makampuni na uelewa mdogo wa wasanii kuhusu sheria, na yote mawili yalistahili kujadiliwa. Mtafiti anadhani kulikuwa na jambo la tatu, ambalo sisi wahakiki hatuna wa kumtwika. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na hakishiriki ndiyo inayomhusu mwigizaji. Lakini sheria hulinda kinachoweza kuelezwa. Wakili akiulizwa mteja wake alitunga nini, hawezi kujibu “kidevu” au “ukimya” kama hakuna kitabu wala tasnifu iliyowahi kueleza ukimya huo kuwa ni utunzi. Sisi ndio tuliokuwa na wajibu wa kumpa msamiati, na tulikuwa tukisahihisha mitihani ya wahusika duara.

Vijiji vya Ufipa vingali na mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine yakimpita mtu kimo. Tanuri la namna hii halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini na kupanda. Mgeni akilitazama huona kichuguu, na akiambiwa kwamba moto ulijichochea wenyewe hudhani hapakuwa na fundi. Kumbe fundi alikuwa amekwisha kufanya kazi yake kabla ya moto kuwashwa, katika kimo cha ukuta, katika idadi na upana wa matundu, katika mpangilio wa mkaa na mawe ya chuma. Wazee hawakusema tanuri lilikuwa na kipaji.

Tatizo la unukuzi lililotajwa hapo juu limebaki mikononi mwa mtafiti, na njia iliyofuatwa katika sura inayofuata ya tasnifu ni ya majaribio. Kila kipande kimeandikwa katika safu tatu: maneno katika ya kwanza, macho na mikono katika ya pili, na katika ya tatu muda wa ukimya, uliohesabiwa kwa sekunde kutoka kwenye video yenyewe. Safu ya kwanza ina nafasi tupu nyingi. Safu ya tatu imejaa. Sidii zenyewe, zilizonunuliwa sokoni Sumbawanga zikiwa zimekwisha kuchezwa na wengi, zimeanza kukwama, na katika baadhi yake picha huganda palepale mzee anapoyarudisha macho kabla ya kuuliza swali lake. Mara mbili mtafiti alihesabu ukimya wa mashine akidhani ni wa Majuto, ikabidi arudie. Juu ya majalada ya sidii hizo limeandikwa jina King Majuto kwa herufi kubwa, na la msambazaji kwa herufi ndogo. Jina la Amri Athumani halimo katika hata moja kati ya zile alizozipata.